Miaka Miwili ya Kaka, Sita ya Bwana Usingizi

Chumba cha Cherehani,
Jengo la Soko, chini.
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya huko? Sisi wazima, ila mimi kichwa hakijatulia, ndiyo maana nakuandikia.

Mwanao, kaka yangu mheshimiwa, hajambo. Unakumbuka baraza jipya la kutunga sheria lilipoanza, wajumbe wakaokota vikaratasi vya bahati nasibu kujua nani atakaa miaka mingapi, ili wasije wakaondoka wote kwa mpigo? Nusu walipata miaka sita, nusu miwili. Kaka akaokota miwili, nami nikafurahi! Nikasema huyu sasa atachapa kazi, maana muda hana. Sita ikamwangukia yule anayekaa kiti cha jirani naye barazani, tunayemwita Bwana Usingizi. Nikasema haya, huyo tumempa kitanda.

Shangazi, mambo yamegeuka hadi sielewi. Kaka anakimbia kweli, lakini anakimbilia harusini, misibani, viwanjani. Hakuna mkono asioushika. Ule mswada wake wa kuzuia sisi mafundi tusifukuzwe humu jengoni aliuandika nusu, akauacha. Aliyeumalizia ni nani? Bwana Usingizi! Siku hizi anasoma, anauliza maswali, hana haraka. Ila huku kwetu hatumwoni kabisa, na watu wanasema anaringa.

Alhamisi mswada ulipigiwa kura. Saa hiyohiyo kaka akaingia hapa kwangu, anacheka na wateja, anasifia mishono, kambeba mtoto wa mtu. Nikamuuliza, "Kaka, kura si leo?"

"Dada, wale wenzangu barazani wanatosha. Nisipoonekana mtaani, uchaguzi huu nimekwisha."

Wateja wakampigia makofi. Hata mimi nilipiga, Mungu anisamehe.

Mswada ukaanguka kwa kukosa kura moja.

Sasa nimkasirikie nani, Shangazi? Yeye, au kile kikaratasi? Angeokota sita, angekuwa mtu mwingine? Na yule mwenzake angepata miwili, naye angekuja kubeba watoto? Nawaza huku nashona, mpaka sindano imenichoma vidole vyote. Nampenda kaka yangu, na nina hasira naye hadi naogopa.

Nisalimie bwana wako, na binamu zangu wote, hasa yule mpiga kelele. Mungu akupe nguvu za kupanda ngazi zako bila kushika ukuta.

Niishie hapa, maana mwisho wa mwezi tunatakiwa tuwe tumetoka humu jengoni, na kaka kaniletea vitambaa vya fulana za kampeni. Nimemuuliza nitazishonea wapi. Kasema nisijali, nimpe tu miwili mingine, atatupigania.

Mwanao akupendaye,
Fundi wako