Asali Yako na Macho Yangu

Igawa, Jumapili

Kamwene, mama yangu. Shikamoo. Goti lako linavumilia baridi ya Kilolo? Mahindi mmeshavuna? Mimi nipo, na kikohozi kimepungua sana tangu nianze dawa za kifua kikuu. Ningepiga simu, ila ukianza kuniuliza maswali hupotea hata kile kidogo ninachokijua. Dada Neema akusomee polepole. Asicheke herufi zangu kubwa, sababu zipo.

Mama, macho yangu yana shida. Niligundua sokoni, kwenye meza yangu ya nyanya. Mama ntilie anayenunua kwangu kila siku alinirudishia ndoo. Akasema, "Kaka Luka, umenipimia mbichi tupu." Nikamwambia zimeiva. Tukabishana mpaka majirani wakaja, na wote wakasema mbichi. Mimi naziona zote rangi moja, kama matope. Nilimkasirikia bure yule mama wa watu.

Nikaenda hospitali Mbeya. Nilitaka kuambiwa jambo moja, nikaambiwa matatu. Daktari alisema huenda ni kidonge kimojawapo cha kifua kikuu, maana kipo kinachoweza kugusa mshipa wa jicho na kuchanganya nyekundu na kijani. Huenda ni kisukari changu, kinaharibu vimishipa vya ndani ya jicho. Huenda kifua kikuu chenyewe kimefika huko, ingawa ni nadra. Nikauliza, sasa nimlaumu nani? Akasema kwanza anakitoa kile kidonge, dawa zilizobaki nisiruke hata siku moja, kisha tupime tena. Macho yanaweza kurudi, na yanaweza yasirudi yote. Nimerudi Igawa kichwa kinazunguka. Dawa ya kuniponya kifua ndiyo inipofushe? Sielewi, mama, na naogopa.

Halafu alinipima sukari, akashtuka. Akauliza nakula nini. Nikasema chai nakunywa bila sukari, soda siigusi. Akauliza tena. Ndipo nikataja asali yako, vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni, kama ulivyotulea: kifua kikibana, asali. Nikamweleza kwamba asali si sukari, ni dawa. Akasema, "Baba, mwili wako haujui hiyo tofauti."

Usilie, mama. Wewe ulifuata njia ya bibi, na mimi ndiye niliyejua nina kisukari nikajidanganya kwa sababu ni tamu na imetoka kwako. Ila usinitumie nyingine. Sentensi hiyo imenichukua siku tatu kuiandika.

Nisalimie mjomba aliyeirina, mwambie asali yake haina kosa. Nisalimie shangazi wa kwaya, na jirani yetu anayekuchotea maji. Neema, asante kwa kumsomea, na hapo juu usiruke kitu.

Chupa ya mwisho sijaifungua. Nimeiweka dirishani, na jua likitoka naitazama. Leo asubuhi ilikuwa na ule wekundu wa asali ya nyumbani, kabisa. Nimekaa mbele yake mpaka kengele ya kanisa ikalia, na bado sijui, mama, kama nimeuona au nimeukumbuka tu.

Mwanao anayekupenda,
Luka