Rangi Mpya Juu ya Gavana

Jumanne, mwezi wa saba. Matiri kuna ukungu tangu asubuhi, na kahawa tuliyoanika juzi bado mbichi. Nimenawa mikono mara tatu kwa sabuni ya unga, na bado nanusa ile oili.

Nina kinyaa. Sina neno jingine.

Niko likizo nyumbani, namsaidia mama kuvuna. Jana mchana alinipigia Hyera, rubani wa ndege ndogo inayozungusha madaktari vijiji vya ziwani. Alikuwa ndiyo kwanza ameruka kutoka Lituhi, injini ikaanza kupiga kelele kama inataka kupasuka, mshale wa mizunguko ukavuka alama nyekundu. Akapunguza nguvu, akageuza juu ya maji, akarudi kutua kwenye nyasi. Ndani alikuwa na muuguzi na mama mmoja aliyekuwa akiwahishwa kufanyiwa upasuaji. Mama yule ilibidi apelekwe kwa gari, barabara yote ile ya kupanda milima. Namshukuru Mungu, alifika.

Mimi ndiye fundi wa ndege aliye karibu. Leo alfajiri nikateremka Lituhi na boksi langu la spana.

Nilijua pa kuanzia. Mapanga ya propela ya ndege ile hayajakazwa yakatulia pembe moja. Yanageuka kwenye shina lake. Wakati wa kuruka yanalala ili yakate hewa kidogo kidogo na injini izunguke kwa nguvu, kama gari linavyopanda mlima kwa gia namba moja. Ndege ikishafika juu, yanajigeuza yakate hewa nyingi zaidi, injini ipumue.

Anayeyaamrisha ni gavana, kifaa kinachoenea kiganjani, kimefungwa kwenye injini. Ndani yake kuna vizito viwili vinavyozungushwa na injini yenyewe, na springi inayovikandamiza. Injini ikizidisha mbio, vizito vinafunguka, vinainua vali, oili inasukumwa hadi kwenye kichwa cha propela na mapanga yanakata hewa zaidi. Mzigo unakuwa mzito, mbio zinapungua. Injini ikichoka, springi inashinda, oili inarudi, mapanga yanalala tena. Rubani anachagua tu mizunguko anayoitaka. Gavana anafanya kazi hiyo safari nzima bila kuombwa.

Ila oili isipofika, mapanga yanabaki yamelala. Injini inakosa cha kuizuia.

Nilifungua kifuniko cha injini nikamwona gavana anang'aa, rangi mpya ya kijivu. Kitabu cha ndege kinasema alifunguliwa, akasafishwa, akabadilishiwa gasketi. Nikaweka spana kwenye nati ya kwanza. Rangi ikapasuka.

Nikasimama hapo hapo. Rangi ilikuwa imepita juu ya nati na maungio, na chini yake kulikuwa na vumbi la zamani lililogandamana, bila alama ya spana. Mtu alipiga rangi juu ya uchafu. Hakuna aliyemfungua.

Ndani nilikuta gasketi kuukuu, na kichujio chake cha wavu, kinachopitisha oili, kimezibwa na tope jeusi lenye chengachenga za chuma. Niliposugua kwa kidole likavutika kama kamasi. Nilienda pembeni nikatapika chai yangu.

Aliyesaini kazi ile ni Mzee Kinunda, aliyenifundisha kushika spana. Nikampigia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za likizo?"

Nikamweleza nilichokiona. Akajibu kwa upole kabisa, "Mbona unanipandishia sauti? Angalia sahihi ya pili ni ya nani."

Sikuhitaji kuangalia. Sahihi ya mkaguzi ni yangu.

Naikumbuka siku ile. Mtoto wa dada yangu alikuwa anapata kipaimara Kigonsera, nami nilikuwa nawahi basi. Mzee akanisogezea kitabu: "Saini hapo, mimi nimeshaangalia." Nikasaini nikiwa nimesimama, begi begani. Hata kifuniko cha injini sikukiinua. Kipaimara nilikiwahi. Nilikula pilau, nikacheza.

Kwa hiyo kinyaa hiki si cha Mzee peke yake. Angalau yeye alijisumbua kununua rangi.

Nilimwambia Hyera yote, tumesimama chini ya bawa. Ni kijana wa huku ziwani, mpole, kila siku ananiita Dada. Alisikiliza hadi mwisho. Nikaandika kwenye kitabu kwamba ndege isiruke mpaka injini nzima ifunguliwe, maana zile chenga za chuma zimetoka mahali fulani ndani yake. Wakati wa kurudi nikasimama Mbinga mjini penye mtandao mzuri, nikatuma barua kwa wakaguzi wa serikali pamoja na picha. Jina la Mzee limo. Jina langu limo juu ya lake. Leseni wakiichukua, waichukue.

Nilidhani baada ya hapo kinyaa kingeisha.

Hakijaisha, kwa sababu ya swali moja. Nilipokuwa nafunga boksi, Hyera aliniuliza, "Fundi, ziko ndege nyingine ulizosaini namna hii?" Aliniita Fundi, hakuniita Dada.

Nikajibu, "Hakuna."

Nilijibu haraka mno. Njia nzima ya kupanda nilikuwa nahesabu kazi za mwaka huu, moja moja, nani alifungua, nani alishuhudia, mimi nilikuwa wapi. Mama amenikaribisha ugali na dagaa, nimeshindwa hata kumega tonge.

Ziko mbili.

Moja inaruka kesho asubuhi. Naacha kuandika hapa, nampigia Hyera nimwambie ukweli, kisha nampigia rubani wa ndege hiyo.