Diski ya Baba Haikufa

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Mengo. Mvua imenyesha tangu mchana na matope yamefika mlangoni. Nina hasira. Nagonga vitufe kwa nguvu isiyohitajika, na hii kompyuta maskini haina kosa lolote.

Kosa ni la fundi. Na langu pia, nitafika huko.

Kwa msomaji asiyenijua: mimi ni mtu wa Bukavu, niko Kampala mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni kutafsiri karatasi za Wakongo wenzangu: barua za shule, vyeti vya hospitali, maelezo ya watu wanaoomba hifadhi. Kifaransa na Kiswahili vinaingia, Kiingereza kinatoka. Chombo changu ni laptop ndogo ya inchi kumi na moja, ya bei ya chini, ambayo watu wengine walishaitumia kabla yangu. Kwa miaka mitatu imenilisha.

Lakini ilikuwa imechoka. Naiwasha, nainjika chai, nakunywa, narudi, kile kiduara bado kinazunguka. Mwezi uliopita ikaanza kuganda katikati ya sentensi. Wanaojua wakaniambia: toa ile diski ya zamani inayozunguka ndani, weka SSD, diski ya kisasa ya haraka, utadhani umenunua mpya. Nikaipeleka Old Kampala kwa fundi aitwaye Ronald, mwenye kibanda cha vioo kwenye korido ya duka la zamani. Kijana msafi, mpole, meza yake imepangwa vizuri. Nilimwambia jambo moja nikalirudia: faili zangu zote azihamishie kwenye diski mpya, na ile ya zamani anirudishie mkononi.

"Hakuna shida, nyabo," akasema. Nyabo ndiyo heshima ya hapa, kama kusema bibie.

Siku ya pili nikakuta laptop inawaka haraka ajabu. Na ndani ni tupu.

"Ile ya zamani ilikufa nikiwa nahamisha," Ronald akaniambia. "Ilianza kukwaruza, halafu kimya. Nimeitupa. Diski imekufa, ungefanyia nini?"

Kazi za wateja nilikuwa nazo kwenye flashi. Kitu kimoja tu sikuwa nacho mahali pengine popote: sauti ya baba.

Baba alikuja kutoka Bukavu akiwa tayari mgonjwa, akakaa kwangu miezi minne. Mchana, baada ya kula, alikuwa anapenda kuongea, nami nilifungua laptop mezani mbele yake nikamrekodi. Rekodi sita. Tulimzika mwezi wa pili.

Nililia pale koridoni, mbele ya watu wanaopita na chaja zao mkononi. Ronald akanivutia kigoda. Akanipa na maji. Nikamshukuru.

Nilimshukuru!

Jana asubuhi simu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, na l yake inatoka r.

"Haro? Wewe ndio Mapendo? Mimi iko Naguru. Mimi ni porisi."

Mimi ni mkimbizi, na huyu ni polisi. Nikaanza kukumbuka karatasi zangu ziko wapi.

"Hapana ogopa," akasema. "Mimi nirinunua kompyuta. Ndani yake iko picha yako na mzee moja ya kofia. Iko na karatasi yako ya kuomba kazi, namba yako nimetoa huko. Sasa mimi nauriza: kompyuta yako iriibiwa?"

Nikamjibu hapana, yangu iko hapa mbele yangu. Halafu nikakumbuka kofia ya baba. Mzee mwenye kofia.

Nikamuuliza alinunua wapi. Akasema Old Kampala, kwenye korido, kwa kijana mmoja mpole sana.

Leo asubuhi nilifika Naguru kabla mvua haijaanza. Anaitwa Afande Namuli, mwanamke wa makamo, anakaa nyumba za polisi, na laptop ameinunulia masomo yake ya jioni. Ilikuwa mezani inanisubiri, imefunikwa kitambaa. Akaifungua. Ronald hakujisumbua hata kufuta. Aliichomoa diski yangu, akaichomeka kwenye laptop ya kuuza, akabadilisha jina la mtumiaji, basi. Folda zangu zote zilikuwa pale pale nilipoziacha. Na katikati yao, BABA.

Nikaifungua. Rekodi nne.

"Mbiri nirifuta mimi," Afande akasema, bila kuniangalia. "Nirikuwa nasafisha vitu hapana yangu. Moja, mbiri, mpaka takataka ya kompyuta nikamwaga. Ya tatu nikafungua kwanza. Nikasikia mzee anakohoa, anacheka, anaongea. Mukono ikakataa."

Nilitaka kumkasirikia. Nilijaribu kabisa. Lakini huyu ndiye mtu pekee katika habari hii nzima aliyenitafuta.

Akavaa koti, akaweka laptop kwenye mfuko. "Tunaenda kwa huyo fundi," akasema.

Hakuvaa sare. Pale koridoni akaniambia nitangulie peke yangu, yeye akasimama mlangoni kama mteja mwingine. Nikamuuliza Ronald kwa upole, mara ya mwisho nilipokuwa na upole leo: diski yangu iko wapi?

"Nyabo, si nilikuambia ilikufa? Hata mimi iliniuma."

Afande akaingia, akaweka laptop juu ya meza, akaweka na kitambulisho chake pembeni.

Sijawahi kusikia sauti ya mtu ikibadilika kama ya Ronald. Ghafla alikuwa na kumbukumbu nzuri. Ghafla diski haikuwa imekufa, ilikuwa "imechanganyika na zingine humu kwenye droo." Akasema, "Afande, samahani sana, ni haraka ya kazi, Afande." Aliomba msamaha mara tatu, na mara zote tatu alikuwa anamtazama Afande. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nguo imelowa, mwenye baba ni mimi.

"Ambia yeye," Afande akasema.

Sikumngoja aniambie. Nilipiga meza mpaka bisibisi zikaruka. "Ulinipa kigoda, Ronald! Ulinipa kigoda na maji ili nilie vizuri, kumbe sauti ya baba yangu ilikuwa kwenye droo yako inasubiri mnunuzi!"

Watu wa korido wakajaa mlangoni. Ronald akainamisha kichwa. Ndipo nikaivuta ile droo mwenyewe.

Zilikuwa diski saba. Kila moja ina kipande cha plasta, na juu ya plasta jina la mtu na namba ya simu. Saba walioambiwa kama mimi.

Afande akaniuliza kama ampeleke kituoni sasa hivi. Nakiri hapa, kwa kuwa hapa ndipo ninapokiri: nilitamani. Nilitamani atembezwe koridoni na kila mtu amwone. Lakini zile plasta saba zilikuwa zinaniangalia.

"Kwanza apige simu," nikasema. "Zote. Na tuzisikie."

Akapiga, simu imewekwa sauti juu. Watatu hawakupokea. Namba moja haipatikani. Mwanaume mmoja alikata simu akidhani ni utapeli. Mwingine, mwalimu, aliuliza kwa Kiluganda, "Unasema kweli?" Akauliza tena. Wa mwisho alikuwa msichana wa chuo. Tasnifu yake ilikuwa humo. Alishaanza kuiandika upya kutoka ukurasa wa kwanza, amefika wa arobaini. Hakulia. Alimwambia Ronald asifunge duka, anakuja. Kwa sauti ile, nisingependa kuwa Ronald.

Wakati tunamngoja, Ronald alijaribu kurudisha zile rekodi mbili zilizofutwa. Ana programu ya kazi hiyo. Ikaonyesha majina ya faili, na ndani yake hakuna kitu; vitu vya Afande vilishaandikwa juu yake. Akachomoa diski yangu, akamwekea Afande nyingine mpya, nami nikaondoka na yangu imefungwa kwenye leso. Afande alibaki pale kumngoja yule msichana. Kesho saa mbili niende kituoni kuandikisha maelezo.

Jirani yangu, Mkongo mwenzangu, ameshaniambia niache. Umepata ulichopata, mkimbizi hatafuti polisi. Nimemsikia. Nitaenda.

Sasa kosa langu.

Tangu nirudi najaribu kukumbuka baba alisema nini kwenye zile mbili zilizopotea, ya kwanza na ya pili. Sikumbuki. Hata neno. Nilikuwepo, nimekaa umbali wa mkono, lakini kichwa changu kilikuwa kwenye cheti cha mtu, au kwenye simu. Nilibonyeza kitufe chekundu nikaona kazi imekwisha. Nilirekodi ili nisilazimike kusikiliza, na hilo halikufanywa na fundi yeyote wa Old Kampala.

Shangazi Nabintu, dada yake baba, alikuwa anakuja siku zile, anakaa nasi akichambua maharage. Nimempigia simu sasa hivi. Nimemuuliza kama anakumbuka siku ya kwanza ya kurekodi, baba alikuwa anaeleza nini.

Alicheka kidogo. "Ile ya kwanza? Alikuwa anakueleza siku uliyozaliwa, mama. Namna alivyokubeba mvuani mpaka kwa bibi yako. Ulikuwa pale pale, ukiitikia ndiyo baba, ndiyo baba."

Nimemwambia asiseme zaidi kwenye simu.

Kesho nikitoka kituoni naenda kwake. Nitakaa chini, nitachambua maharage, na sitabonyeza kitu chochote mpaka niwe nimesikia.