Baba, Nachemsha Majani ya Mikorosho Yako

Baba yangu,

Shikamoo. Nimechoka, na leo sina wa kumwambia ila wewe.

Naikumbuka asubuhi uliyoletwa mjini kwa bajaji, mguu umefungwa khanga ya mama. Ulijikata panga ukifyeka shambani, ukakaa na kidonda nyumbani, ukinunua vidonge viwili vitatu dukani kila kilipouma, kama tunavyofanya wengi. Usaha wako uliletwa maabara, na mtu wa zamu nilikuwa mimi. Nilipokuja kufungua kisahani tulichooteshea bakteria wako, nilitafuta duara safi kuzunguka vile vikaratasi vyenye dawa, pale ambapo bakteria hufa. Sikuliona. Walikuwa wameota hadi ukingoni mwa kila kikaratasi.

Daktari alitaka kukueleza mwenyewe, ukakataa.

"Niambie wewe," ulisema. "Si ndiyo kazi niliyokusomeshea?"

Nikakwambia wadudu wa kidonda kile wameshazizoea dawa zote tulizonazo. Ukaniuliza kama nimekula. Walikukata mguu, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Baada ya kukuzika nilirudi kusoma. Sasa nachemsha majani ya mikorosho yako, nayachuja, nachanganya maji yake na chumvi ya madini ya fedha. Yanabadilika taratibu, kutoka manjano hadi kahawia, ndipo tunajua chembechembe za fedha zimejitengeneza, ndogo mno hata darubini yetu ya kawaida haizioni. Nilipomweleza mama, aliuliza mbona natengeneza fedha na bado nimepanga chumba kimoja huku mjini, Shangani.

Mwezi uliopita niliziweka juu ya bakteria wa aina ileile iliyokuua. Duara likatokea, baba. Nilivuta kiti nikakaa, nikalitazama tu.

Halafu tukazijaribu kwenye seli za binadamu. Kiasi kilichoua bakteria kiliua na seli. Msimamizi wangu akasema kwa upole tuanze upya, tubadilishe vipimo, na kwamba hata tukifaulu itachukua miaka kabla mgonjwa yeyote hajapakwa kidondani. Nilimwitikia. Tangu siku hiyo nalala nimechoka, naamka nimechoka.

Ijumaa nilikwenda kijijini kuchuma majani mengine. Mama alinivutia tawi ili nilifikie. Bila kunitazama, akauliza:

"Ingemponya?"

"Sijui, mama. Bado haijawa dawa."

Aliendelea kuchuma, akichagua majani mabichi yasiyo na madoa, mpaka kapu likajaa. Kisha akanitwika mwenyewe kichwani, akanisindikiza hadi barabarani, akaniambia nisichelewe kazini.

Nimeyaosha, nimeyaanika kivulini, yamekauka. Kesho nabandika sufuria tena.

Mungu akupe mapumziko ambayo mimi bado sijayapata.

Binti yako mkubwa