Mdhamini wa Tatu wa Profesa Nakijwa

Ijumaa jioni, Same.

Upepo wa leo umenitia vumbi hadi kwenye meno, na kilele cha Shengena kimejificha kwenye ukungu tangu asubuhi. Lakini nina furaha kiasi kwamba nimekaa kuandika kabla hata ya kuvua viatu.

Tumepata profesa.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni karani wa kamati ya usaili katika chuo kimoja kidogo hapa mjini. Kwa miezi minne tumekuwa tukitafuta mtu wa kuongoza shahada mpya ya sera za umma, itakayosomwa na wanafunzi wa nchi mbalimbali. Mwisho walibaki waombaji wawili. Wa kwanza ni profesa mwenye vitabu vingi na maneno matamu, na mwenyekiti wetu, Dokta Elisante, alikuwa ameshampenda. Wa pili ni Profesa Nakijwa, Mpare wa milima yetu hii hii, aliyefundisha nje kwa miaka mingi na sasa anataka kurudi.

Kila mwombaji alitakiwa kutaja wadhamini watatu. Wawili wa Profesa Nakijwa walileta barua zenye mihuri. Wa tatu alikuwa Mama Nashipai, mfugaji wa kijiji kimoja huko uwandani. Hana barua pepe, hajui kuandika.

"Nenda ukamsikilize, dada," Dokta Elisante aliniambia Jumanne. "Tusije tukaambiwa tumeruka utaratibu."

Niungame. Niliona aibu. Niliwaza nitawasomeaje wajumbe wa kamati waliotoka vyuo vya nje maneno ya mama wa zizini. Mimi ni mtu wa Usangi, na sisi wa milimani tumelelewa kuwatazama watu wa uwandani kwa juu, tena si kwa sababu ya urefu wa milima tu.

Nilimkuta anawanywesha mbuzi dawa ya minyoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanikabidhi mbuzi. "Mshike hapa, kwenye pembe. Tutaongea huku tunafanya kazi."

Basi nikashika mbuzi, nikiwa na sketi yangu ya ofisini, na yeye akasimulia.

Miaka ya nyuma wafugaji na wakulima walikuwa karibu kupigana kwa sababu ya maji ya lambo. Profesa Nakijwa akaitwa awapangie utaratibu. Akapanga: asubuhi ng'ombe, jioni bustani, mchana lango la lambo lifungwe maji yatulie. Wanaume wa pande zote mbili wakapiga makofi. Kumbe mchana ndio wakati wanawake walikwenda na punda kuchota maji ya nyumbani, na hakuna aliyewauliza. Wiki nzima walirudi na madumu matupu. Mama Nashipai akapanda gari hadi mjini, akamtafuta profesa mpaka kwenye nyumba ya wageni alikofikia, akamweleza.

"Akafanyaje?" nikauliza.

"Kesho yake akaja. Akasimama mkutanoni mbele ya wanaume wote akasema, 'Nilikosea. Niliuliza nusu ya watu.' Halafu akatembea na sisi na punda siku nne, ndipo akapanga upya. Mpaka leo lango linafuata mpango ule." Akacheka kidogo. "Kukamua hawezi, lakini. Ng'ombe wangu alimpiga teke."

Tulipomaliza mbuzi nikatoa karatasi, nikaandika barua kwa niaba yake, nikamsomea. Nilikuwa nimeandika kwamba profesa "alibaini changamoto na kufanya maboresho".

"Sikusema hivyo," akanikatiza. "Nimesema alikosea."

"Mama, tukiandika hivyo wanaweza kumnyima kazi."

"Andika alikosea." Akafuta mikono kwenye shuka lake. "Mtu ambaye hajawahi kukosea mbele yako, utajuaje atakufanya nini siku akikosea?"

Nikaandika. Akaweka dole gumba.

Njiani, nyuma ya bodaboda, nilitamani kulilainisha neno lile. Nilikuwa nimeshampenda Profesa Nakijwa kwa simulizi tu, na niliogopa nimembebea kamba ya kumfungia. Lakini dole lile lilikuwa pale chini, bado wino haujakauka vizuri.

Sikuligusa.

Leo asubuhi, kabla ya usaili, niliwasomea wajumbe barua yote. Dokta Elisante akavua miwani, akaifuta taratibu, kisha akasema tutaongeza swali moja kwa waombaji wote wawili: waeleze sera yao iliyoshindwa.

Profesa wa vitabu alisema sera zake zilikuwa nzuri, ila watekelezaji walimwangusha.

Profesa Nakijwa alisimulia lango, punda na madumu matupu, bila kujua kwamba tumeshasikia. Hakupunguza kosa lake hata chembe. "Aliyenifundisha ni Mama Nashipai," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Kura zote zilikwenda kwake. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Dokta Elisante.

Nilipompigia profesa kumpa habari, kitu cha kwanza alichouliza ni kama mama ameshaambiwa. Kwa hiyo nikampigia Mama Nashipai.

"Nimefurahi," akasema. "Ila hao wanafunzi wenu wa nchi zote waanzie huku kwangu. Wiki moja. Walale hapa, wachote maji na sisi. Ndipo muwapeleke darasani."

"Sawa, mama," nikajibu. "Watakuja."

Sijamuuliza mtu yeyote. Mimi ni karani, sina mamlaka hata ya kubadilisha saa ya chai. Jumatatu asubuhi nitagonga mlango wa Dokta Elisante, nikae kwenye kile kiti chake cha wageni, na sitaondoka mpaka akubali.