Pipa la Buluu la Mzigua

Mtani wangu Sefu,

Usishtuke, ni mie. Mwandiko unaujua, kama kuku kapita na tope miguuni. Shule sikwenda, lakini barua yako naiandika mwenyewe, simpi mtu.

Habari kubwa ya huku: pipa lako limejaa.

Ngoja, nisikimbie. Siku ile tumekuzika, watu wakarudi nyumbani kwako Chumbageni, wameketi mkekani, mkeo, shemeji Zaina, yumo ndani, na chakula cha matanga hakuna. Masika yamekata njia, mahindi sokoni bei haishikiki. Wanao wakaenda kulifungua lile pipa la buluu. Mie nikawahi, nikakalia kifuniko. Mtani gani mie nisiyekufanyia utani msibani kwako? Nikawaambia, "Halifunguliwi! Huyu Mzigua mchoyo hajatoa ruhusa. Nendeni mkamuulize!" Watu wakacheka. Wanawake ndani wanacheka huku wanalia. Shemeji akapaza sauti humo humo ndani, "We Mdigo, ondoa hayo makalio, watu wana njaa!"

Nikaondoka. Kifuniko kilipofunguka, Sefu, ikatoka ile harufu ya mahindi makavu ya kwenu Handeni, na mie... basi. Nikatoka nje, nikasema moshi umeniingia machoni. Jiko lenyewe halijawashwa.

Miaka yote tukikuuliza, pipa la nini? Unajibu, "La siku ya shida." Kumbe shida yenyewe ni wewe.

Watu wakala, wakashiba, pipa likabaki tupu, ukiligonga linalia dum! Siku nyingine nikamkuta shemeji analitazama tu kupitia dirishani. Nikamwambia, "Shemeji, kabla hujatoka eda, hili litakuwa limejaa." Wanao wakanitazama kama nimesema nitaogelea mpaka Pemba. Na Pemba nilishaogelea, wewe ndiye ulikataa kuamini. Sasa bisha basi.

Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya, bila pupa. Mahindi mabichi yakaja, nikayapita. Nikangoja malori ya Handeni yajae sokoni, muuzaji ndiye anakuita weye, wala si weye kumwita yeye. Hapo ndipo nikaanza: kila gulio kisado kimoja, nazi zangu zikiuzika vizuri, viwili. Choroko nilichukua wakati zimemwagwa chini kama mchanga. Dagaa nikangojea giza la mwezi, wavuvi wamepata mpaka wamechoka. Mahindi nikayaanika jamvini, nikawa nang'ata punje kuona kama yamekauka, mpaka ikalia ka! Na jino likaenda nayo. Lile la kushoto, Mtani. Nakudai.

Najua unachongoja. Unangoja habari za papa. Mwaka ule nilipokuta papa mkavu rahisi, nikamtundika juu ya mahindi yangu, ikawa kwangu uji wa papa, ugali wa papa, hata chai inanuka papa. Asubuhi unapita mlangoni, mtaa mzima unasikia, "Mdigo, leo chai ya samaki gani?" Mpaka leo nasema ule ulikuwa ufundi. Uliona mdudu hata mmoja kwenye mahindi yale? Walihama!

Ila safari hii samaki wote wako kwangu, mahindi yako kwa shemeji. Kifuniko nimekizungushia mpira wa baiskeli, nimekaza kama ulivyokuwa ukikaza.

Jana shemeji katoka eda. Akaja uani mwenyewe, akaligonga pipa kwa ngumi. Halikulia. Akagonga tena. Kimya, zito. Akaegemeza mkono pale juu. Kisha akasema, "Mdigo kaweza." Kasema kwa sauti, majirani wamesikia. Mie nilihakikisha wamesikia.

Nimebaki na jambo moja tu linanisumbua. Siku yangu ikifika, nani atanikalia kifuniko? Nimemwomba shemeji. Kanijibu, "Mie sikalii, mie nitalifungua mapema."

Haya, pumzika, Mzigua mchoyo. Mola akupe nafasi huko. Maadamu miguu hii inafika sokoni, kila mavuno nitalijaza, na shemeji akiligonga, halitalia.

Mie mtani wako, nimebakiwa na meno ya upande mmoja,

Bakari wa Tongoni