Sahani ya Mujinga

Jumatatu, 3 Machi
Uji, kidonge, shule. Mujinga amemeza bila kununa. Ana miaka tisa na virusi vya hepatiti C kwenye ini. Huenda viliingia kwa damu aliyoongezewa akiwa mdogo, malaria ilipomkausha damu. Kidonge kimoja kwa siku, na daktari anasema watoto wengi hupona. Nimeshika neno hilo.

Alhamisi, 6 Machi
Kaku, mama wa mume wangu, amemtengea Mujinga sahani. Amemwambia atarudi kula na wenzake dawa ikiisha. Nikasema daktari hakuagiza hivyo. Akajibu daktari halali katika nyumba hii. Kwetu mtu hutengewa sahani akishukiwa uchawi! Nimekasirika mpaka mboga ya sombe imeungua.

Jumamosi, 15 Machi
Anakula kwenye kona, karibu na gunia la makaa. Ngalula, mdogo wake, analia akimtaka. Mujinga halii. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 18 Machi
Chupa ya dawa tupu kabla ya wakati wake. Nikamuuliza.
"Mama, mi nilikuwa nakunywa mbili-mbili, dawa iishe mbio, nikule na bengine."
Pikipiki, hospitali.

Jumatano, 19 Machi
Hajadhurika. Asante Mungu. Watatupa vidonge vingine, tuendelee na kimoja kimoja. Chupa sasa inakaa kwangu. Leo nimempeleka Kaku kwa daktari, apende asipende. Ameambiwa ugonjwa huu hupita kwa damu: wembe, sindano, mswaki. Si kwa kula bukari, ugali wetu, pamoja. Njiani akasema, "Mi nilizani nachunga batoto." Nilikuwa na maneno makali tayari. Nimeyameza.

Jumapili, 23 Machi
Kaku amemwita kwenye sahani kubwa ya wote. Mujinga amekataa. Anaogopa kumwambukiza Ngalula. Tumemweleza mpaka tumechoka. Kaku amechukua tonge lake, akaenda kuketi naye kwenye kona. Bado nina hasira naye, lakini imepungua.

Ijumaa, 30 Mei
Kidonge cha mwisho. Kipimo cha kuhakikisha ni baada ya miezi mitatu. Mujinga yuko kona ile ile, na Kaku wake. Naogopa. Virusi visipoondoka, mtoto huyu hatainuka pale.

Jumatano, 27 Agosti
Virusi havionekani. Amepona. Nimelia kwenye benchi la hospitali bila aibu. Nyumbani, wakati wa kula, Mujinga ameinua sahani yake, akaliweka bonge lake la bukari kwenye sahani kubwa, akaketi. Muda si mrefu Ngalula akaanza kulalamika kwamba dada yake amemchukulia samaki. Nimewaacha wagombane.